Chai Haijui Kuigiza

Wanangu, mkitaka kujua kama opereta wa sinema anaijua kazi yake, msimuulize ameonyesha picha ngapi. Muulizeni ametazama ngapi mpaka mwisho. Akijibu kwamba ni nyingi, basi huyo ni mtazamaji aliyepewa mshahara kwa bahati mbaya, kama nilivyokuwa mimi mwaka wangu wa kwanza.

Wakati huo picha moja ilikuja katika rili tano au sita, yaani magurudumu ya utepe wa filamu, na chumbani mwetu kulikuwa na mashine mbili zimesimama ubavu kwa ubavu. Rili ya mashine ya kwanza ikikaribia kuisha, alama ndogo ya duara hutokea juu kulia mwa pazia, muda wa kupepesa jicho tu. Ukiiona, unawasha mota ya mashine ya pili. Inatokea tena, unahamisha picha, na watu ukumbini wasijue kama kuna lililotendeka. Siku hiyo mimi nilikuwa namtazama mwanamke mmoja kwenye picha akisoma barua ya kuachwa. Alisoma vizuri mno. Machozi yakanijaa, na alama zote mbili zikapita nikiwa natafuta leso. Pazia likabaki jeupe kama shuka la hospitali, na ukumbi mzima ukapiga miluzi.

Karsanbhai akapanda ngazi taratibu, kikombe mkononi. Akahamisha picha kwa kidole kimoja, akanywa chai, ndipo akanitazama.

"Athumani, wewe iko lia kwa nini? Yeye iko achwa, si wewe. Wewe utaachwa kesho, na kazi."

Huyo ndiye aliyenifundisha. Karsanbhai alizaliwa Mombasa, dukani kwa baba yake aliyeuza vitambaa, na Kiswahili chake alikiokota kwenye kaunta ya duka hilo, akaja nacho London bila kukiongeza wala kukipunguza. Kabla ya kuhama alikuwa opereta hukohuko Mombasa. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilipokwenda kuomba kazi katika sinema ile ndogo ya mashariki mwa London, aliniuliza maswali matatu kwa Kiingereza, na yote nilijibu vibaya. La nne likamponyoka kwa Kiswahili: "Unaweza panda ngazi?" Nikamwambia naweza. Tukatazamana kama watu wawili waliokutana jangwani wamevaa kanga moja. Nilikaa juu ya ngazi zile miaka thelathini na moja.

Najua mtanijibu kwa Kiingereza, lakini kusikia mnasikia, basi kaeni. Nataka kuwaeleza mambo mawili aliyonifundisha mzee yule, kwa sababu siku niliyoyahitaji zaidi nilikumbuka hayo mawili nikasahau la tatu, na nusura nimvunje moyo mama wa watu.

La kwanza ni chai.

Mmeona picha za zamani zile zisizo na sauti, watu wanavyokimbiakimbia kama kuku waliomwagiwa maji? Nyote mnadhani watu wa kale walitembea hivyo. Hawakutembea hivyo, wanangu. Mpigapicha wa siku zile alizungusha mpini kwa mkono, polepole, kila mtu kwa mwendo wake: huyu ana haraka, yule ameshiba. Mashine za baadaye, zilizojengwa kwa ajili ya picha za sauti, zina mwendo mmoja tu, na ni wa kasi zaidi. Ukiitia picha ya zamani humo, mazishi yanakuwa mbio za baiskeli. Mashine yetu moja, ile kuukuu ya kushoto, ilikuwa na kifundo cha kupunguza mwendo. Swali ni kupunguza hadi wapi, maana hakuna aliyeandika popote yule bwana wa mpini alizungusha vipi.

"Hapana tazama mtu," Karsanbhai aliniambia mara ya kwanza tulipoonyesha picha ya namna hiyo. "Mtu iko igiza. Anaweza kwenda haraka, anaweza kwenda polepole, anadanganya wewe. Ngoja mpaka mtu namimina chai. Tazama chai. Chai haijui kuigiza."

Na kweli. Chai ikitoka kwenye birika inaanguka kama inavyoanguka duniani kote, Tanga na Tooting ya London. Ikiruka kikombeni kama mkojo wa mbuzi, unapunguza. Ikining'inia hewani kama asali, unaongeza. Ikianguka kama chai, acha kifundo hapohapo, ondoa mkono. Ghafla wale kuku wanageuka watu. Wana nyuso. Wanafikiri kabla ya kufungua mlango. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilisisimka mwili mzima, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka chumba asichojua kama kina watu.

La pili ni dirisha. Ukuta wa chumba cha mashine una kidirisha cha kioo cha kutazamia pazia, na kando yake kingine kidogo kinachofunguka. Picha ya vita, funga. Picha ya mapenzi, funga, hasa kama ni Athumani. Lakini picha ya vichekesho, Karsanbhai alifungua kile kidogo kila mara, hata kwenye baridi ya Januari, akatega sikio. "Hii picha unaendesha na sikio," alisema. Watu wakicheka kwa nguvu, maneno yanayofuata hayasikiki, basi unapandisha sauti kidogo. Wasipocheka, unasogea ukaone kama lenzi imehama. Alikuwa anajua kicheko cha kila aina: cha aliyekielewa kichekesho, cha aliyemfuata jirani yake, na cha yule anayecheka kwa kuwa amelipa.

Basi. Miaka ikaenda. Karsanbhai akastaafu, akaenda kukaa kwa binti yake Tooting. Picha zikaacha kuja kwa rili, zikaanza kuja ndani ya kijisanduku kama cha chakula cha mchana cha mtoto wa shule. Unachomeka, unabonyeza, unakwenda kunywa maji. Mashine ya kulia iliuzwa. Ile ya kushoto, yenye kifundo, ilibaki kwa sababu ilikuwa nzito na hakuna aliyetaka kuishusha ngazi. Mimi nikabaki nayo kwa sababu zilezile.

Nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja kustaafu alipokuja Bi Winifred.

Alikuja mchana wa mvua, ana miaka themanini na kitu, mwembamba, anavuta kigari cha sokoni cha magurudumu mawili. Nilidhani amebeba viazi. Akafungua kifuniko, ndani mna mikebe minne ya bati, ile ya kuhifadhia rili. Akaniambia kwa upole kwamba amekwenda kwenye sinema sita, na zote zimemwambia hazina mashine.

Picha ile ilikuwa ya vichekesho, isiyo na sauti, ya hapahapa London, iliyotengenezwa kutokana na kitabu cha kuchekesha kilichosomwa sana zamani na sasa hakuna anayekikumbuka. Jina lake, nikiliweka kwa Kiswahili, ni Karibu Chai Siku Moja. Kwanza nilinusa mikebe, kwa kuwa filamu za enzi zile zilikuwa za namna inayoshika moto vibaya, haziruhusiwi kuonyeshwa. Lakini hii ilikuwa nakala iliyotolewa baadaye kwenye filamu salama. Nikashusha pumzi.

"Huyu mgeni kwenye picha ni baba yangu," akasema. "Hii ndiyo picha pekee aliyoigiza. Alikufa nikiwa na miaka minne."

Akanieleza. Alikuwa ameiona picha hiyo mara moja tu ukumbini, miaka mingi nyuma, kwenye tamasha fulani. Waliionyesha kwa kasi, piano inagongwa kama mlango wa mdeni. Watu walicheka sana. "Lakini walicheka ule mwendo," alisema. "Hawakumcheka yeye. Hata sura yake sikuipata vizuri. Nilitoka pale kama mtu aliyepishana na baba yake kwenye ngazi za treni." Baada ya wiki tatu mwanawe angemhamishia kwake, mbali, ufukweni huko kaskazini. Kabla ya kuondoka London alitaka jambo moja: kukaa kwenye ukumbi wenye watu, picha ikienda kama inavyotakiwa, asikie watu wakimcheka baba yake. Yeye mwenyewe, si kasi yake.

Mimi nilikuwa na zawadi ambayo sijajua niifanyie nini. Meneja wetu alikuwa ameniambia kwamba kwa kunishukuru kwa miaka thelathini na moja ya ngazi, nichukue ukumbi Jumapili moja mchana, nionyeshe ninachotaka, nialike watu wangu. Watu wangu mnawajua. Ni hawa wazee wetu wa Ilford na Stratford, na wa Tooting wanaokuja wakisikia kuna sambusa. Nikamwambia Bi Winifred: mama, ukumbi upo, watu wapo, mashine ipo.

Akanishika mkono kwa mikono miwili. Kisha akatoa kitabu kwenye mkoba, kile cha kuchekesha chenyewe, karatasi zimekuwa za rangi ya chai. "Kisome kwanza," akasema. "Kitakusaidia."

Nikampigia simu Karsanbhai. Kwa nini? Kwa sababu wazee wetu wengi hawasomi Kiingereza cha mapambo kile cha kwenye vibao vya maneno vya picha za zamani, kwa hiyo mimi ningesimama chini mbele ya pazia na maiki, niwatafsirie, kama walivyofanya watafsiri wa picha kwetu nyumbani. Juu kwenye mashine alitakiwa mtu. Na mtu huyo ana miaka themanini na mitatu na goti bovu.

"Iko ngapi, ile ngazi?" akauliza.

"Ishirini na mbili, kama zamani."

"Goti nasema hapana. Mimi nasema ndiyo." Akaongeza: "Wewe iko soma kitabu?"

Hili ndilo lile jambo la tatu. Karsanbhai alikuwa na amri: picha iliyotoka kwenye kitabu, soma kitabu kabla ya kuionyesha, ujue wamekata nini. Nikamwambia nimesoma. Wanangu, nilikuwa nimefika ukurasa wa kumi na mbili. Kiingereza chake kilikuwa na sentensi ndefu kama foleni ya pasipoti, na kila nikishika kitabu, usingizi unanishika mimi. Nikajisemea picha nimeshaitazama mara mbili, inatosha.

Na picha yenyewe ni hivi. Karani mmoja kijana, ameoa juzi, ana kijumba kidogo pembeni mwa London. Kwenye treni anamwambia mtu asiyemjua, kwa adabu tu ya Kiingereza, "Karibu chai siku moja." Jumamosi yule mtu anabisha hodi, ana begi. Anakunywa chai. Haondoki. Karani na mkewe wana adabu mno, hawawezi kumwambia aende. Kila baada ya muda mgeni anasimama, anachukua kofia yake msumarini, mwenyeji anaruka kwa furaha, wanafuatana mpaka mlangoni. Mgeni anatazama nje. Anaitazama kofia. Anarudi, anaitundika, anakaa. Mara saba, na kila mara taratibu kuliko ya kwanza. Wiki tatu!

Kitu kimoja tu sikukielewa: kila kofia inaporudi msumarini, karani anashika kichwa, lakini mkewe anatabasamu. Nikasema labda mwigizaji alisahau.

Jumapili ikafika. Wazee wamejaa, nusu wamekaa na vyakula mapajani. Bi Winifred yuko safu ya mbele katikati, amevaa koti la buluu, mkoba magotini. Karsanbhai alipanda ngazi kwa muda wa rili nzima, akipumzika kila ya tano na kulitukana goti lake. Kisha mwanga ukazimwa, picha ikaanza. Watu wanakwenda mbiombio. Akaja mke wa karani na birika, akamimina, na nikaona chai ikitulia, ikitulia, mpaka ikawa chai. Mkono wa mzee umeondoka kwenye kifundo. Nyuso zikaja.

Mgeni akaingia. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita hivi, macho makubwa, masikio yamechomoza kama vishikio vya sufuria. Akavua kofia kana kwamba anavua kitu kilicho hai. Bi Winifred akainama mbele.

Nikatafsiri. Watu wakasikiliza kwa makini. Ikaja kofia ya kwanza: mgeni anasimama, mwenyeji anaruka, mlangoni, anatazama mvua, anarudi, anatundika.

Kimya. Halafu makofi.

Si kicheko, wanangu. Makofi, ya kupongeza.

"Enhe!" Hiyo ilikuwa sauti ya Bi Zuhura, mama wa Unguja aliyekaa nyuma ya Bi Winifred. "Atoke na mvua hii aende wapi? Ati wanamsimamia! Hata kipande cha pili cha keki hawajampa."

"Huyu mwenyeji ana roho mbaya," akasema Mzee Otieno, fundi mstaafu wa reli, mtu wa Kisumu. "Kwani si yeye alimwalika? Nimeisikia na masikio yangu. Karibu chai. Sasa mtu amekuja, shida ni gani?"

"Stelingi ni huyu mwenye kofia," mtu akasema nyuma. "Yule karani ndiye adui."

Hapo ndipo nikajua nimekwisha. Mnajua sisi na picha. Kwanza tunatafuta stelingi ni nani, kisha tunakuwa upande wake mpaka taa ziwake. Mimi nimeishi miaka yote hii na Waingereza, nimeshazoea kwamba mtu akisema karibu chai siku moja maana yake ni kwaheri. Wazee wangu hawakuzoea, na hawataki kuzoea. Kwao hapakuwa na kichekesho. Palikuwa na mgeni mwema anayeteswa na watu wabahili.

Kofia ya pili. Makofi zaidi. "Mungu ambariki," akasema mama mmoja. Bi Zuhura akafungua kontena lake la kachori kwa hasira, kama anayetaka kumpelekea mgeni.

Bi Winifred hakujua maneno, lakini kimya anakijua kila mtu. Akageuka taratibu, akazitazama zile safu za nyuso nzito, zilizokunjamana kwa huruma. Kisha akanitazama mimi. Hakuwa na lawama. Alikuwa na uso wa mtu aliyefika stesheni akakuta treni imeondoka, anajiambia kwamba hata hivyo ilikuwa safari nzuri. Mikono yake iliuminya mkoba. Nilitamani pazia linimeze.

Huko juu kidirisha kidogo kilikuwa wazi. Kikatoka kichwa cha mzee.

"Athumani! Mbona iko kimya kama matanga?"

Rili ya pili ilikuwa ukingoni. Kwa kuwa mashine ilibaki moja, kila rili ikiisha ilibidi kusimama dakika chache, aweke nyingine. Taa zikawashwa kidogo. Nilisimama pale na maiki, nikafikiri kwa kasi ambayo sijawahi. Kuwabadilisha wazee wangu katika dakika tano haiwezekani. Mwenyeji hawatampenda. Mgeni hawatamchukia. Ni nani katika dunia hii ambaye wazee hawa, akija nyumbani na begi, wangempenda, wangemheshimu, na wangeomba kwa machozi aondoke?

Nikakohoa kwenye maiki.

"Ndugu zangu, samahani. Kuna kitu nilisahau kuwaambia mwanzoni. Huyu mgeni ni mkwe. Ni baba wa mke, ila kule kwenye treni karani hakumjua."

Nilikuwa nadanganya mchana kweupe, wanangu, mbele ya mtoto wa marehemu.

Kisha Mzee Otieno akasimama wima.

"Baba wa msichana? Na amelala hapo?"

"Amelala."

"Kwa nyumba ya mkwe wake? Chini ya paa moja?"

"Siku ya nane leo."

"Ai! Ai! Haiwezekani, bwana!" Akakaa, akasimama tena. "Kwetu mzee wa bibi hata chai anakunywa akiwa karibu na mlango! Atalala aje?"

"Subirini," akasema Bi Zuhura, macho yamemtoka. "Ndiyo maana yule karani ameficha kiko chake. Ndiyo maana amekaa kwenye kigoda!"

"Na mke anatabasamu," akasema mwingine. "Si babake!"

"Mbona mkwe mwenyewe kijana hivi?"

"Alioa mapema," nikajibu.

"Mapema lini, akiwa tumboni?"

Na hapo, kwenye taa hafifu, kabla hata picha haijarudi, kicheko cha kwanza kikapasuka. Mwanga ukazimwa. Rili ya tatu. Karani anampisha mgeni kitanda chake, yeye analala kwenye beseni la kuogea. Ukumbi ukalia kwa uchungu na raha. Mgeni akasimama, akachukua kofia.

"Nenda, mzee, nenda!" Otieno akaomba, mikono juu.

Mgeni akafika mlangoni. Watu mia moja wakazuia pumzi. Akatazama nje. Akaitazama kofia. Na kwa mwendo ule wa chai, tuliona kila kitu kikipita usoni mwake: barabara, chumba cha kupanga kisicho na mtu, halafu ule moto sebuleni. Akafikiri kwa muda mrefu usio na haya. Akageuka.

"LA!" wazee wakapiga kelele kwa pamoja, na kofia ikarudi msumarini, na ukumbi ukaanguka. Sijasikia kicheko kile kabla wala baada ya siku hiyo. Bi Zuhura alikuwa amemshika Bi Winifred mabega kwa nyuma, anamtikisa kama mti wa mapera, bila kumjua. Na Bi Winifred mikono ilikuwa imeachia mkoba. Alikuwa anacheka mdomo wazi, amemkazia baba yake macho, machozi yanamteremka mpaka shingoni. Kila kofia iliporudi, alisogea mbele ya kiti kidogo. Juu kule, kwenye kidirisha, sikio la Karsanbhai lilikuwa limetokeza nje lote.

Ningefurahi kusema hadithi imeishia hapo. Lakini baadaye tulikaa kwenye ukumbi wa mbele, chai ya maziwa na mandazi mezani, na Bi Winifred akaniita nikae karibu naye.

"Walikuwa wamenyamaza," alisema. "Kisha ukazungumza, wakacheka. Uliwaambia nini?"

Ningeweza kudanganya mara ya pili. Karsanbhai alikuwa kando yangu, goti lake juu ya kiti, anasikia kila kitu. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia kwamba nilimgeuza baba yake kuwa baba mkwe, kwa sababu watu wangu hawajui kumcheka mgeni, na kwamba naomba radhi.

Alinitazama mpaka mandazi yangu yakawa mawe kinywani.

"Athumani, kile kitabu ulikisoma?"

"Nilikisoma, mama."

"Mpaka wapi?"

Karsanbhai akageuza shingo kunitazama, polepole kama yule mgeni.

"Ukurasa wa kumi na mbili," nikasema.

"Ungeongeza kurasa mbili," akasema Bi Winifred, na midomo yake ilikuwa inacheza. "Hapo ndipo kwenye kitabu anaingia baba wa mke. Kitabu chote ni mkwe. Walipotengeneza picha, yule mzee aliyechaguliwa aliugua wiki ya kwanza, na aliyekuwepo pale, mwenye kofia nzuri, ni kijana aliyebeba taa. Ndiye baba yangu. Hakufaa kuwa baba wa mtu, kwa hiyo wakamfanya mgeni wa treni. Lakini yule dada aliyeigiza mke alikuwa ameshajifunza sehemu yake, akakataa kuibadilisha. Ndiyo maana anatabasamu." Akaufuta uso kwa leso. "Mama yangu alikuwa akisema picha ile ingechekesha mara mbili kama wangeacha kitabu kama kilivyo. Sikuwahi kujua kama ni kweli."

"Mimi nasema miaka thelathini," Karsanbhai akaiambia dari. "Soma kitabu. Soma kitabu. Nasema na ukuta."

Mwanawe Bi Winifred akachungulia kutoka nje. Gari ilikuwa inamsubiri kwenye mvua. Bi Winifred akasimama, akachukua mkoba wake. Nanyi mnajua sisi: mgeni akisimama, nyumba nzima inasimama kumsindikiza. Viti vikakwaruza sakafu. Bi Zuhura na kachori zake kwenye mfuko wa plastiki, Mzee Otieno amevua kofia, wote mia moja nyuma yake mpaka mlangoni. Bi Winifred akatazama mvua. Akautazama mkoba. Akafikiri, taratibu, macho makubwa, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba masikio yake nayo yamechomoza kama vishikio vya sufuria.

Akageuka. Akapita katikati yetu sote bila haraka yoyote, akauweka mkoba mezani palepale, akakaa.

Sitawaeleza kicheko kile. Otieno alikaa sakafuni. Bi Zuhura, machozi yakimtoka, akachukua birika na kikombe, akammiminia mgeni chai nyingine, na nilikuwa namtazama Bi Winifred usoni, jinsi alivyokuwa anawasikiliza watu wakicheka, wakati Karsanbhai aliponigusa kwa kiwiko.

"Hapana tazama mtu," akaninong'oneza.

Nikatazama chai.